Mkalimani na Mfasiri: Uhakiki wa Njia za Kuendesha Michezo ya Zamani ya Windows kwenye Linux na Nafasi ya Kiswahili Jijini Kigali

Ikisiri

Michezo ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya Windows katika miaka ya 1990 huendeshwa leo kwenye Linux ama kwa programu inayosimama kati, kama Wine, ama kwa kuundwa upya kutokana na msimbo chanzo wake. Makala hii inazihakiki njia hizo kwa jicho la taaluma ya tafsiri, ikichukua mfululizo wa SimCity kuwa kielelezo na Jiji la Kigali kuwa muktadha. Inadaiwa kwamba njia ya kwanza huuokoa mchezo pamoja na lugha yake ya asili, ilhali ya pili huufungulia Kiswahili mlango. Lakini anayepita mlangoni humo hukutana na maneno kama meya, kodi na kanda, ambayo hayana maana moja Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: upatanifu wa programu, tafsiri, ukalimani, michezo ya kompyuta, sera ya lugha, Kigali

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa toleo hilo hudai kichakataji cha karibuni na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Kwa shule, ofisi na kaya za Kigali zenye mashine za namna hiyo, suala hili si la mafundi peke yao. Mashine inayohamishiwa Linux huendelea kufanya kazi, lakini programu zilizozoeleka humo haziji zenyewe. Miongoni mwa programu hizo imo michezo, na michezo ndiyo mara nyingi humfanya mtoto aishike kompyuta kabla hajaamriwa kuishika.

Linux si mgeni nchini Rwanda. Kompyuta ndogo za XO, ambazo watoto wa shule za msingi walianza kupewa chini ya mpango ulioanza rasmi mwaka 2008, ziliendeshwa kwa Linux ya Fedora na kiolesura kiitwacho Sugar. Mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ilianza kuunganisha kompyuta jijini Kigali, nazo zikawafikia wanafunzi zikiwa na Windows. Kwa hiyo nchi imekwisha kuvuka mara moja kutoka Linux kwenda Windows, na sasa baadhi ya mashine zake huenda zikavuka kurudi. Kati ya mivuko hiyo miwili, sheria ya mwaka 2017 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakiidhinisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Hata hivyo, mazungumzo juu ya kompyuta za shule hutawaliwa na bei, umeme na intaneti. Lugha ya kilichomo ndani ya mashine huachiwa msambazaji.

2.0 Mwigizaji, mkalimani na mfasiri

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu teknolojia, dhana tatu tofauti mara nyingi hurundikwa chini ya kitenzi kimoja, kuiga. Mrundikano huo una madhara, kwa kuwa unaficha hasa kile ambacho mwanasera anahitaji kukiona.

Ya kwanza ni programu inayoigiza mashine nzima. DOSBox, kwa mfano, huigiza kompyuta ya enzi za DOS pamoja na kichakataji chake na kadi yake ya sauti, na mchezo ulio ndani yake haujui kwamba mashine hiyo haipo. Hiyo kweli ni kiigizi.

Ya pili ni Wine. Mradi huu ulianza mwaka 1993, umeongozwa na Alexandre Julliard tangu 1994, na ulitoa toleo lake la 1.0 mwezi Juni 2008, yaani baada ya miaka 15 ya kazi. Jina lake limetungwa kutokana na sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba Wine si kiigizi, na waundaji wake wana haki ya kulisisitiza hilo. Mchezo wa Windows unapoitaka Windows ifungue dirisha, isome faili au itoe sauti, Wine huupokea mwito huo na kuupeleka Linux kwa namna Linux inavyoelewa, kisha hurudisha jibu kwa namna mchezo unavyolitarajia. Maagizo mengine ya mchezo huenda moja kwa moja kwenye kichakataji, bila kuguswa. Hakuna mashine inayoigizwa. Kuna mtu wa kati anayesikiliza upande huu na kusema upande ule, papo kwa papo, wala haachi andiko lolote nyuma yake.

Ya tatu ni kuhamisha mchezo wenyewe: mwenye msimbo chanzo huuandika upya pale inapobidi ili uwe programu ya Linux kwa haki yake.

Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha dhana hizi bila kubuni lolote jipya. Taaluma yetu imekwisha kuzoea kutofautisha tafsiri, ambayo ni kazi ya maandishi inayobaki, na ukalimani, ambao ni kazi ya mdomo inayoisha pamoja na kikao. DOSBox ni mwigizaji, Wine ni mkalimani, na anayehamisha msimbo ni mfasiri. Istilahi ndefu kama “safu ya upatanifu” inaweza kubaki katika miongozo ya mafundi. Si mbaya, ila haimwambii kitu waziri wala mwalimu mkuu.

Mlinganisho huo una mpaka mmoja, na mpaka huo ndio kiini cha uhakiki huu. Mkalimani wa mkutanoni humkalimania msikilizaji. Wine haimkalimanii mchezaji. Huukalimania mchezo mbele ya mfumo endeshi, na maneno anayoyasoma mchezaji hupita katikati yake bila kuguswa. Mchezo uliosema Kiingereza kwenye Windows 95 utasema Kiingereza kilekile kwenye Linux ya leo. Hifadhidata ya Wine ambamo watumiaji huweka alama za programu walizozijaribu hutumia madaraja ya platinamu, dhahabu, fedha, shaba na takataka. Mchezo hupewa platinamu ukiendeshwa bila kasoro. Kama mtoto wa Kicukiro aliuelewa au hakuuelewa, hilo halimo katika kipimo, na si kosa la Wine kwamba halimo.

Wapo watakaouliza kama mchezo ukibadilishiwa maneno bado ni mchezo uleule. Jibu limo kwenye bao. Bao la Kiswahili na igisoro ya Rwanda huchezwa kwenye mashimo 32 kwa kete 64. Ubao ukiwa wa mti au mashimo yakiwa yamechimbwa mchangani, mchezo haubadiliki. Na wachezaji wa Zanzibar na wa Rwanda wana msamiati wao mbalimbali juu ya kutaka kete na kuzipanda. Kanuni ndizo zinazosafiri. Maneno hupatikana mahali mchezo unapofikia.

3.0 Maisha manne ya SimCity

Ni michezo michache inayoonyesha njia hizi zote kwa pamoja kama SimCity, uliobuniwa na Will Wright na kutolewa na kampuni ya Maxis mwaka 1989. Mchezaji hupewa ardhi tupu na bajeti, akatenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda, akajenga barabara na mitambo ya umeme, akatoza kodi, akangoja watu waje.

Maisha yake ya kwanza baada ya uzee yalikuwa ndani ya Windows yenyewe. Inasimuliwa na waliofuatilia uundaji wa Windows 95 kwamba SimCity ilikuwa na kosa la kuisoma kumbukumbu iliyokwisha kuiachia. Kosa hilo halikuonekana kwenye mfumo wa awali, lakini kwenye mfumo mpya lingeuangusha mchezo. Microsoft ikaweka ndani ya Windows 95 kifungu kinachoitambua SimCity na kuigawia kumbukumbu kwa utaratibu wa pekee. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba Windows ni makao ya asili ya michezo ya Windows na Linux ni ugenini. Hata nyumbani, mchezo wa zamani uliishi kwa hisani ya mkalimani. Hisani hiyo imepungua kadiri miaka inavyokwenda: matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi kabisa programu za biti 16, na tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 mfumo huo haukubali tena kinga ya diski iitwayo SafeDisc, iliyotumika katika michezo mingi ya mwanzoni mwa karne hii. Kwa programu za biti 16, Wine kwenye Linux ni mwenyeji mkarimu kuliko Windows ya sasa.

Maisha ya pili ni ya SimCity 3000. Kampuni ya Loki, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 kwa kazi ya kuhamishia michezo ya biashara kwenye Linux, ilitoa toleo la mchezo huo kwa Linux mwaka 2000. Mwaka 2002 Loki ikafungwa. Toleo lake lilikuwa limefungwa pia: wanunuzi walipewa programu bila msimbo, kwa hiyo maktaba za Linux zilipobadilika hakuna aliyeweza kulirekebisha kutoka ndani. Leo ni rahisi zaidi kuendesha toleo la Windows la mchezo huo kupitia Wine kuliko kuendesha toleo lililotengenezwa mahsusi kwa Linux. Funzo kwa mwandaaji wa zabuni liko wazi, nalo ni kinyume cha linalotarajiwa: kudai “programu ya Linux” hakutoshi.

Maisha ya tatu, yaani ya SimCity 2000 na wenzake chini ya Wine, hayahitaji maelezo marefu. Wine huunda ndani ya kabrasha la mtumiaji diski C ya bandia, mchezo husakinishwa humo, na kwa kawaida huendeshwa. Tangu mwaka 2018, kampuni ya Valve ilipotoa Proton iliyojengwa juu ya Wine, njia hii imetoka mikononi mwa wapenzi wachache ikawa biashara kubwa.

Maisha ya nne ndiyo yanayoigusa Rwanda moja kwa moja. Kampuni ya Electronic Arts, mmiliki wa SimCity wakati huo, iliukabidhi mchezo wa asili kwa mradi wa kompyuta za XO, na Januari 2008 msimbo wake ukatolewa chini ya leseni huria ya GPL toleo la 3. Kazi ya kuusafisha msimbo na kuuandaa iliongozwa na Don Hopkins, aliyekuwa ameuhamishia kwenye mifumo ya Unix miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa kuwa jina la SimCity lilibaki mali ya kampuni, toleo huria likaitwa Micropolis, jina la kazi ambalo mchezo ulikuwa nalo kabla haujatolewa. Janga la ndege kuanguka mjini likaondolewa, kutokana na mashambulizi ya Septemba 11. Wahariri wa mchezo, kwa maneno mengine, waliona kwamba hadhira mpya ina kumbukumbu zake, na wakaubadilisha kwa ajili hiyo. Mfasiri hahitaji idhini nyingine ya kinadharia. Nadharia ya skopos ya Hans Vermeer, inayotajwa katika kila tasnifu ya tafsiri kwenye vyuo vyetu, husema kwamba lengo la matini lengwa ndilo linalotawala maamuzi ya mfasiri. Hapa iliamuliwa hivyo na watu ambao yamkini hawakuwahi kumsikia Vermeer.

4.0 Meya yupi, kodi ipi

Sehemu kubwa ya ujumbe ambao Micropolis humwonyesha mchezaji imo katika faili za maandishi matupu zilizotengwa na msimbo. Ni sentensi fupi fupi: wakazi wanadai uwanja wa michezo, barabara zaidi zinahitajika, uhalifu umezidi, kodi ni kubwa mno. Kiswahili hakina alama za juu ya herufi, hivyo hakuna tatizo la mwandiko. Kazi ya siku tatu, mtu angesema. Uhakiki wa maneno matatu tu unaonyesha kwamba siku tatu hazitoshi.

Mchezaji ni meya. Kigali, neno hilo lina uzito wa utendaji: Meya wa Jiji huongoza utawala wa jiji zima, na tangu mageuzi ya mwaka 2019 wilaya zake tatu, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, hazina meya wao wenyewe. Dar es Salaam, Mstahiki Meya ni mwenyekiti wa baraza la madiwani. Anayeshika utendaji na fedha ni mkurugenzi. Nairobi haina meya kabisa tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ina gavana. Mchezo ambao meya wake hubomoa, hujenga na kutoza kodi kwa kubofya mara moja unaeleweka Kigali, unashangaza Dar es Salaam, na Nairobi unasomeka kama historia. Kusawazisha Kiswahili kwa kuchagua umbo moja la neno hakutibu tofauti hii, kwa kuwa umbo lenyewe halina mgogoro. Kinachotofautiana ni taasisi iliyo nyuma yake.

Neno la pili ni kodi. Katika matumizi ya kila siku, kodi ni malipo kwa serikali na pia ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mpangaji wa Biryogo au kwingineko Nyamirambo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, akiambiwa kwamba kodi ni kubwa mno, atamfikiria mwenye nyumba kabla ya kuifikiria serikali. Kenya hupendelea ushuru, hata katika jina la mamlaka yake. Ndani ya mchezo ambao idadi ya wakazi hupanda na kushuka kwa kufuata kiwango hicho, utata huu hupotosha kanuni yenyewe: mchezaji anaweza kuamini kwamba watu wanahama kwa sababu ya pango, na akatafuta dawa mahali isipokuwepo.

La tatu ni kanda. Mchezo mzima umejengwa juu ya kugawa ardhi kwa matumizi, na Mtanzania asikiapo kanda hufikiria Kanda ya Ziwa au Nyanda za Juu Kusini. “Eneo la makazi” ni bora, ijapokuwa ni refu kwa vitufe vya mchezo uliopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kwa Kigali suala hili limepita mchezo. Mpango Kabambe wa Jiji ulioidhinishwa mwaka 2013 na kupitiwa upya mwaka 2020 humwambia mwenye kiwanja anaruhusiwa kujenga nini na wapi. Raia anayeishi chini ya mpango huo anahitaji msamiati wake katika kila lugha rasmi ya nchi yake, na Kiswahili kimo.

Hapa pia ndipo mchezo wenyewe unapostahili kuhakikiwa, si maneno yake tu. Wright aliathiriwa na kitabu cha Jay Forrester cha mwaka 1969 kuhusu mienendo ya miji, na mji wake ni mji wa Kimarekani: makazi hapa, maduka pale, viwanda mbali, gari katikati. Duka la mbele ya nyumba, ambalo ni uhai wa Nyamirambo, halina mahali. Mpango wa Kigali uliopitiwa mwaka 2020 umelegeza mgawanyo huo na kuruhusu zaidi matumizi mchanganyiko, mchezo haujalegeza. Aidha, mchezaji hubomoa nyumba kwa gharama ndogo ya kila mraba, bila fidia na bila aliyehamishwa kuonekana tena. Katika jiji ambalo wakazi wa Kangondo na Kibiraro walihamishiwa Busanza baada ya shauri lililofika mahakamani, kitenzi “bomoa” hakiwezi kufasiriwa kana kwamba ni jina la kitufe. Mfasiri mwenye msimbo anaweza kuongeza fidia katika hesabu za mchezo. Mtumiaji wa Wine hawezi. Anao mchezo kama ulivyotoka kiwandani.

Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 na kuiita Mabepari wa Venisi, hakuwa akitafuta kisawe cha wafanyabiashara. Alikuwa akisema jambo kwa Watanzania wa miaka ya Azimio. Aliweza kwa sababu matini ilikuwa wazi mbele yake.

5.0 Mlango na wapitao

Haitakuwa haki kudai kwamba msimbo ukiwa wazi Kiswahili kitaingia chenyewe. Mwaka 2004 mradi uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Mwaka 2005 programu kadhaa huria zilipata faili za Kinyarwanda. Anayezifungua leo baadhi ya faili hizo atakuta maneno ya Kinyarwanda yaliyopangwa kwa mfuatano wa sentensi za Kiingereza, mengine yakiwa na alama ya kuonyesha kwamba hayajathibitishwa. Zilibaki hivyo kwa sababu nguvu ilikuwa ya kuanzisha, si ya kutunza. Programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyo na mtunzaji hugeuka kuwa viraka.

Pia haitakuwa haki kuidharau Wine. Mtafiti wa historia ya michezo anautaka mchezo kama ulivyokuwa, pamoja na Kiingereza chake na makosa yake, na kwa lengo hilo mkalimani ni bora kuliko mfasiri yeyote. Wapenzi wa michezo katika nchi nyingine wamewahi kuchimbua maneno ndani ya programu za Windows na kuweka ya kwao; inawezekana, lakini kisheria huhitaji ridhaa ya mwenye hakimiliki, ambaye pengine kampuni yake haipo tena, na maneno yaliyochorwa ndani ya picha hayachimbuliki kwa urahisi. Wizara haiwezi kujenga mpango wa shule juu ya kazi ya namna hiyo.

Kinachohitajika katika hati za ununuzi ni masharti yenye kugusa lugha: kwamba programu yoyote ya kujifunzia inayolipiwa kwa fedha za umma, mchezo ukiwemo, iwe na maneno yaliyotengwa na msimbo katika faili zinazoharirika, kwamba leseni iruhusu kuyafasiri na kuyasambaza katika lugha rasmi za nchi, na kwamba bajeti itaje mtunzaji wa tafsiri kwa miaka mitatu angalau, si mfasiri wa mara moja. Kwa michezo ya zamani ambayo msimbo wake haupatikani, Wine itumike, na walimu waelezwe waziwazi kwamba wanapokea kitu cha Kiingereza.

Upande wa istilahi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuanza na msamiati wa mji kabla ya msamiati wa kompyuta. Tarakilishi, ngamizi na kompyuta zimegombaniwa miaka mingi, ilhali mtumiaji wa neno lolote kati ya hayo huelewa wenzake wanasema nini. Meya, kodi na kanda hazigombaniwi na mtu, na ndizo zinazopotosha. Orodha itakayoandaliwa na Kamisheni pamoja na BAKITA na Inteko y’Umuco ya Rwanda, ikitoa kwa kila neno maelezo ya taasisi inayorejelewa katika kila nchi, ingewafaa wafasiri wa mipango miji kwanza na wa michezo baadaye. Faili za ujumbe za Micropolis, kwa ufupi wake na kwa kuwa hazina mwenye kudai malipo, zinafaa kuwa jaribio lake la kwanza darasani.